Jibu la Mama Ambalo Sikuliomba

Kwetu, mtoto wa mwisho hampelekei mzazi jambo zito. Humpa mkubwa, na mkubwa hulifikisha, kisha hurudi na jibu. Jibu likishatoka, hakuna wa kulirudia. Tulihamia mji wa Falls Church, Marekani, na desturi hiyo, kana kwamba mama analala chumba cha pili.

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu kule Fairfax, akisomeshwa na miguu yake, maana chuo kilimlipia karo ili akikimbilie. Jioni moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuja na nguo zake za mazoezi, akakaa jikoni bila kufunua hata sufuria moja. Nikajua kuna jambo. Wakala wa wanariadha alitaka aache masomo akimbie mbio za kulipwa, na kocha mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba ameiva.

"Agent anataka jibu by Friday," akasema. "Dada, niulizie mama. Akisema niende, naenda."

Mama nilimpata Jumatano, kwa simu ya duka moja pale sokoni kwetu nyumbani. Niliuliza habari za ng'ombe, za mahindi, za mvua, za magoti yake, mpaka kadi ya simu ikaisha. Habari ya mbio sikuigusa. Mimi nilikuwa nimeacha chuo kule Annandale ili nikaogeshe wazee wa watu kwa mshahara, na nilitaka joho moja liingie katika ukoo wetu. Tena nilikuwa na wivu, nisijisafishe. Mtu mwenye kukimbia hivyo angenipita hata mimi niliyemleta.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba mama amekataa. Aliosha vyombo vyote, hata vile visivyokuwa vyake, akarudi chuoni.

Majira ya baridi yaliyofuata, mshipa wa kisigino ukamkatika mazoezini. Madaktari waliushona vizuri, lakini kasi haikurudi. Hakunung'unika. Alisema mama ana macho ya mbali, maana huko nje angeumia hana mbio wala shule. Nilimwacha aseme hivyo, na siku nyingine nilimsaidia kusema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika hadi siku ya mahafali.

Mama alikuja, amevaa koti langu zito ingawa jua lilikuwa linawaka. Tulikuwa kwenye maegesho, tukipiga picha na kina mama wa ushirika wetu wa kanisa, ambao nilikuwa nimewapa habari ile ile niliyompa mdogo wangu. Mmoja wao akamtania mama kwamba leo tungekuwa tunapigia picha kwenye jumba la bingwa, kama asingemkatalia binti kuacha shule.

"Nilimkatalia lini?" mama akauliza.

Wakamweleza, wakicheka. Yeye hakucheka. Alimtazama mdogo wangu kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Ningemwambia aende," akasema. "Shule ingemngoja. Miguu haingoji mtu."

Mdogo wangu alivua ile kofia ya mahafali. Sauti yake haikupanda.

"Dada, ulimuuliza?"

"Sikumuuliza," nikasema.

Akampa mama cheti akishike, akatembea peke yake hadi garini, akichechemea kidogo, akaketi kiti cha nyuma.