Nusu ya Kidonge

Presha ilikuwa ya ukoo wetu, upande wa mama. Nyanya, mamake mama, ilimwangusha jikoni akipepeta wimbi, na tangu siku hiyo upande mmoja wa mwili wake ukafa. Mama ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko mpaka akazikwa. Kwa hivyo, miaka ya tisini, daktari wa Kisii alipomwambia mama kwamba yeye pia ana presha, na kwamba akiipuuza atapigwa na kiharusi, nyumbani hatukuhitaji kufafanuliwa. Niliogopa hata usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Alipewa tembe za aina mbili, moja ya kulegeza mishipa, nyingine ya kupunguza maji mwilini. Hii ya pili ilimpeleka chooni kila mara, na taabu ikaanzia hapo. Mama alikuwa mchumaji chai, hapo kwetu karibu na Ekerenyo. Ukishachuma unapanga foleni kwenye kituo cha kununulia, unangoja lori la kiwanda, na lori huja likijisikia. Choo cha kituo kilikuwa nyuma ya benchi la wazee, na wazee wenyewe walikuwa baba mkwe wake na ndugu zake. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Mke wa mtu apite mbele ya baba mkwe akielekea chooni, tena kila saa? Afadhali ardhi impasukie. Basi siku za chai aliiacha ile tembe ya maji, akanyamaza.

Presha haikushuka. Daktari, bila kujua lolote, akambadilishia dawa: zote mbili ndani ya kidonge kimoja, tukakinunua mjini kwenye duka la dawa la familia moja ya Wahindi. Nilishukuru Mungu. Kidonge kimoja asubuhi, nani atashindwa?

Mama alishindwa, kwa akili zake nyingi. Kidonge kilikuwa na mfereji katikati. Siku moja nikitafuta sukari nilifungua mkebe wa kakao, nikakuta umejaa nusu nusu za vidonge. Nikamuuliza. Akanieleza kwa utulivu wa mtu aliyefaulu mtihani: upande wenye maandishi ni wa mishipa, huo anaumeza siku za chai, upande mtupu ni wa maji, huo anauweka hadi Jumapili, akiwa nyumbani.

Mimi bintiye, ulimi wangu hauna breki. "Mama, chai ikishachemka na maziwa, utakunywa maziwa peke yake uache majani?"

Akaitazama sufuria iliyokuwa mekoni, kisha mkebe, akakaa kwenye kigoda.

"Nitalala kama mama yangu," alisema. "Na nani atanilisha?"

Nikalia, na hasira yote ikaniisha.

Hakutaka baba ajue. Nikamwambia nitasema mimi, na akitaka aniite mkosa adabu, kwa sababu hata binti kumtajia babake mambo ya choo ni kuvunja chinsoni. Jioni nikamweleza baba yote: choo, benchi, zile nusu. Niliongea nikiangalia ukuta. Baba alikuwa mtu wa kuvaa koti hata kwenda kufunga ng'ombe, na kikapu cha chai hakuwahi kukigusa, maana ni kazi ya wanawake. Akamaliza ugali wake, akanawa, akaenda kulala. Nikamlaani kimoyomoyo.

Asubuhi alimsimamia mama mpaka akameza kidonge kizima. Mama alipomaliza kuchuma, baba akakichukua kikapu, akakiweka mgongoni, koti na yote, akamwambia arudi nyumbani. Kisha akaenda kupanga foleni kati ya wake za ndugu zake. Nilimfuata kwa mbali. Wanawake waliinamisha vichwa wakicheka kichinichini. Kwenye benchi mzee mmoja akamuuliza kama mkewe amekufa, hata mwanamume mzima abebe kikapu.

"Hajafa," baba alisema. "Ndiyo maana nimebeba."