Wanaolala Nyumba Hii ni Wangapi?

Gari la kipaza sauti lilipita mtaani kwetu siku ya Alhamisi, likirudia maneno yale yale: wenyeji wote waje ukumbini Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi inataka kusikia maoni yao. Mama alikuwa anakunja nguo. Aliacha, akasikiliza mpaka gari likapinda kona, kisha akasema, "Kuna kitu wanataka kuchukua."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa nimepata kazi. Tulikaa kwenye nyumba ya kanjo, yaani halmashauri ya jiji, chumba kimoja na jiko la kushirikiana na majirani, mwendo mfupi kutoka Shauri Moyo. Baba alikuwa dereva wa lori huko Industrial Area, kwenye viwanda. Yeye na Mama walitoka Ukambani kabla sijazaliwa, na tangu nipate akili sikukumbuka mtu wa ofisi kuja kutuuliza tunataka nini. Walipokuja, walikuja kutuambia.

Watu walienda ukumbini, ila walikaa kama abiria wanaoogopa kupitwa na treni. Wanaume walisimama karibu na mlango, wanawake walikalia ukingo wa benchi na watoto mapajani. Afisa alikuwa mtu mpole mwenye koti la kijivu. Alisema ule uwanja ulio nyuma ya bafu za zamani utajengwa, na sisi ndio tutakaochagua: shule ya nasari, au vibanda vya biashara. Mtu wa hapa hapa mtaani atapita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali.

Fundi viatu mmoja mzee aliinua mkono. "Bwana mkubwa," akauliza, "tangu lini mwenye nyumba akamuuliza mpangaji?"

Ukumbi mzima ulicheka. Afisa naye akacheka, na nadhani hapo ndipo alipotupoteza, kwa sababu baada ya kucheka hakujibu.

Kisha akauliza kama kuna kijana aliyesoma mpaka kidato cha nne na mwenye mwandiko safi. Mzee wa kanisa letu akanionyesha kwa kidole. Niliposimama nilifurahi. Nilipogeuka kumtafuta Mama, nikaona ameinamisha uso.

Karatasi ilikuwa na maswali manne. Namba ya nyumba. Wanaolala nyumba hii ni wangapi. Watoto wenye umri chini ya miaka sita ni wangapi. Kijengwe nini. Baba aliisoma usiku ule mara mbili, polepole, kidole kikifuata maneno, kisha akagonga swali la pili.

"Hili ndilo wanalolitaka," akasema. "Hayo mengine ni sukari ya kumezea dawa."

Kila mtu mtaani angemwelewa. Kumpangisha mtu mwingine pembe ya chumba chako kulikatazwa, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa pazia. Ndivyo tulivyowaita: mtu anayelala upande wa pili wa pazia, analipa kidogo, na akiulizwa ni binamu. Miaka michache nyuma, familia moja ya mstari wa pili wa nyumba ilipatikana na watu wawili wa namna hiyo. Askari walitoa vitanda nje mvua ikinyesha. Nilikuwa mdogo, lakini niliuona mgongo wa yule mama akijaribu kufunika godoro kwa kanga yake.

Jumatatu nilianza kuzunguka. Nilipofika kwenye mfereji wa maji, mazungumzo yalikatika. Wanawake walionijua tangu nikiwa natambaa walitazama ndoo zao zikijaa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja wa pwani aliyeuza mahamri asubuhi. Mwenyewe alinilea kwa mahamri yale. Kila nilipopita kwenda shule alinipa moja la moto. Aliniweka kwenye kiti, akaniletea chai.

"Bibi, watoto chini ya miaka sita ni wangapi?"

"Hapa hamna watoto, mwanangu."

Chini ya kitanda mtoto akapiga chafya. Bibi hakugeuka hata kidogo. Aliendelea kunitazama, si usoni, bali kwenye ncha ya penseli yangu. Wajukuu wake watatu niliwajua kwa majina. Nikaandika sifuri. Ndipo akasema, "Kunywa chai, itapoa."

Nyumba ya nne mlangoni palijaa vumbi la mbao. Mwenye nyumba, karani wa bohari, alisema anaishi na mkewe tu. Pembeni, mchonga vinyago alikuwa amekaa juu ya kigogo chake, kinyago cha twiga ambacho hajakimaliza kikiwa kati ya magoti. Alikuwa amelala nyuma ya pazia la chumba kile kwa miaka minne.

"Mimi ni mgeni," akaniambia kabla sijamuuliza. "Naondoka jioni."

"Karibu tena," nikajibu, na sote watatu tukatazama chini.

Nyumbani kwetu nilijaza karatasi mezani, Baba akinisimamia. Tulikuwa na watoto wawili wa dada yangu na binamu mmoja, binamu wa kweli. "Andika watatu," Baba akasema. "Mimi, mama yako, na wewe. Watoto hakuna." Niliandika. Ulikuwa mwandiko wangu safi ule ule ulioniletea kazi.

Katika mstari wa mwisho alikaa mama mjane, mfua nguo, aliyehamia mtaani miezi michache nyuma. Hakuwa na jamaa hapo, wala hakujua la kuogopa. Alinikalisha kitandani kwa sababu hakuwa na kiti, akajifuta povu mikononi, akajibu kama mtu aliyesubiri siku nyingi kuulizwa.

"Tunalala saba. Mimi, wanangu wanne, na wawili wa marehemu dada yangu. Chini ya sita ni watatu. Andika nasari, dada, kwa herufi kubwa. Hawa watatu nawafungia ndani nikienda kufua, na moyo wangu haukai."

Niliandika yote mbele yake. Ndiyo karatasi niliyoiamini kuliko zote.

Ijumaa nilipeleka karatasi za kwanza ofisini. Afisa hakuwepo, karani wake aliniambia ningoje. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa jengo lenye vyumba vitatu, na pembeni pameandikwa jina la mtaa wetu. Nilikuwa bado nautazama afisa alipoingia. Aliubandua ukutani, akaukunja.

"Mzee, hilo ni jengo gani?"

"Ni mchoro tu," akasema. "Umeleta ngapi?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anaficha kitu au alikuwa anapanga meza yake. Lakini nilitoka pale nikijiuliza swali moja. Kama wameshachora, wananituma kuuliza nini? Nilimwambia Mama peke yake. Kabla ya chakula cha jioni, mtaa mzima ulijua kwamba uamuzi umeshapita, kwamba vyumba vitatu vile ni ofisi ya askari, kwamba nyumba za mstari wa mwisho zitabomolewa. Wanawake wawili walikuja kuniomba nipunguze watu waliowataja. Mwanamume mmoja alinipokonya karatasi yake mkononi, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Karatasi ya mjane ilikuwa kwenye rundo la pili ambalo sikuwa nimepeleka. Niliitazama. Saba katika chumba kimoja. Katika rundo zima hapakuwa na namba nyingine kama hiyo. Ingeonekana kama doa la wino kwenye shati jeupe. Nikakumbuka lile godoro kwenye mvua. Nikachukua kifutio, nikafuta saba nikaandika watatu, na kwenye swali la watoto nikafuta watatu nikaandika mmoja. Sikumwuliza. Nilidhani namlinda, na kusema kweli nilijiona mwerevu.

Miezi ikapita. Kisha mafundi wakaja uwanjani na mawe, na kilichojengwa hakikuwa ofisi ya askari. Kilikuwa nasari: chumba kimoja kizuri, chenye paa la bati jekundu na madirisha mapana. Nililizunguka lile jengo nikitafuta vyumba vingine viwili. Labda mchoro ule ulikuwa wa kitu kingine. Au labda mtu alihesabu watoto tuliowaandika, akaona vyumba vitatu ni vingi mno. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Asubuhi ya kuandikisha watoto, wote walitokea, kana kwamba nyumba zimetapika. Walitoka chini ya vitanda na nyuma ya mapazia, wamepakwa mafuta, nywele zimechanwa. Bibi wa mahamri alikuja na watatu wake. Mama alikuja na wawili wa dada yangu. Afisa alikaa kwenye meza nje, rundo la karatasi zangu mbele yake, nami nimesimama nyuma yake kwa sababu alikuwa ameniita nimsaidie kusoma mwandiko.

"Nyumba hii haina mtoto," alimwambia bibi.

Bibi alitazama wajukuu wake, kisha akamtazama yeye. "Walikuja jana," akasema.

Watu wakacheka. Aliyefuata naye watoto wake walikuwa wamekuja jana. Kufikia nyumba ya kumi hakuna aliyecheka tena. Afisa alisema nafasi ni za walioandikwa. Madawati na uji vimepangwa kwa hesabu hiyo.

Mjane alifika bila wasiwasi, watoto watatu wameshikana mikono.

"Mama, hapa una mmoja."

"Watatu," akasema. "Nilisema watatu. Huyu dada aliandika nikiona."

Afisa aliinua karatasi kwenye mwanga. Alama za kifutio zilionekana. Aligeuka kunitazama, na mjane naye akanitazama, na nyuma yao mstari wote wa majirani.

"Nilifuta mimi," nikasema.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu anayefuta kitu cha ofisi bila kutumwa. Ni diwani? Ni wale waliotaka vibanda?"

Nilijaribu kueleza habari ya godoro, ya swali la pili, ya watu wa pazia, lakini nilikuwa nimesimama mbele ya mtu ambaye hao watu wa pazia ndio hasa hakupaswa kuwajua. Ndipo bibi wa mahamri akasogea mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya lile rundo.

"Bwana, usimwonee mtoto. Sote tulisema uongo. Tukikupa hesabu ya kweli leo, kesho utatuletea askari?"

Afisa alivua miwani. "Nasari haimuulizi mtu kodi," akasema.

Lilikuwa jibu zuri, ila nililiona likitua juu ya watu bila kuingia. Wengine walitaja watoto wao wote. Wengine waliwashika mikono wakarudi nyumbani. Mwishowe mwalimu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, alikubali kufundisha zamu mbili, asubuhi na alasiri, uji ugawanywe vikombe vidogo. Watoto wa mjane waliingia wote. Nilimfuata njiani nikamwomba msamaha.

"Haidhuru," akasema, bila kusimama.

Wiki chache baadaye askari walipita mstari wetu wakikagua vyumba. Mchonga vinyago alitolewa na vigogo vyake, akaenda kutafuta mahali kwenye mabanda ya Mukuru. Karani wa bohari alipewa onyo. Baadhi ya watu walisema chanzo ni ile hesabu ya pili, ya siku ya kuandikisha watoto. Wengine walisema ni jirani mwenye wivu. Wapo waliosema ni mimi. Afisa alikuwa amehamishiwa kwingine, na aliyekuja badala yake hakuwa na habari ya karatasi zozote. Kwa muda mrefu nilipokwenda mferejini nilichota maji haraka.

Mjane alikaa mtaani miaka miwili zaidi. Alinisalimia kila siku, vizuri, kama unavyomsalimia mtu wa duka. Sikuwahi kumsikia akinitajia tena jambo lake, awe mgonjwa au amefurahi. Siku ya kuhama alileta pikapu, nami nikaenda kumsaidia kupakia. Tulibeba kitanda pamoja, yeye mbele, mimi nyuma.

"Mama, bado umenikasirikia?" nikamuuliza tulipokiweka chini.

Alifikiri. "Sikukasirika. Nilipohamia hapa sikuwa na mtu. Ukaja, ukakaa kwenye kitanda changu, ukaniuliza habari za watoto. Nikasema, kumbe hapa kuna mtu wa kuambiwa."

Alimwita mtoto alete beseni, akafunga kamba, akaivuta kuona kama imekaza.

"Wanasema mnahamia Njiru," nikasema. "Njiru upande gani, nije kuwatembelea?"

"Huko tu," akasema, akapanda mbele na mtoto mdogo. "Mbele mbele, barabara ya Kangundo."

Pikapu ikaondoka, nami sikujua nimtafute wapi kwenye barabara ndefu kama ile.