Kiangazi Nywele Zangu Zilipokauka

Nilipokuwa mtoto kule Heru Juu, hakuna unywele wangu ulioruhusiwa kulala nje ya nyumba yetu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeweka sheria hiyo na ndiye aliyeisimamia. Nikishachanwa, alikusanya zilizobaki kwenye chanuo, akazivingirisha kati ya vidole mpaka zikawa kidonge, kisha akaenda kuzitupa chooni yeye mwenyewe. Ndege akiziokota ajengee kiota, alisema, kichwa kitakuuma mpaka makinda yake yaruke. Mtu akiziokota ni vibaya zaidi. Mtu anaweza kukukausha.

Kukaushwa lilikuwa neno zito kwetu. Kunaanzia kwenye nywele: zinakosa mafuta, zinageuka rangi, zinakatika. Halafu ngozi. Halafu, kama ni msichana, tumbo. Ataolewa na hatazaa. Bibi alinieleza mambo haya kwa utulivu, kama anayeeleza namna ya kuloweka mihogo, na nadhani ndiyo maana niliamini kila neno.

Shida ni kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyejua kusuka. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kufifia, na Mama alikuwa mtu wa shamba, vidole vyake havikuwa na subira na kichwa cha mtoto. Shuleni walitaka mistari iliyonyooka kwenda kisogoni, na asiyekuwa nayo alinyolewa. Kwa hiyo nilipelekwa kwa Dada Vere.

Jina lake lilikuwa Verediana. Alitoka Kitahana, upande wa Kibondo, akaolewa kijijini kwetu. Mume wake alikwenda Tabora kulima tumbaku na hakurudi. Wengine walisema ameoa huko. Hakumwachia mtoto. Dada Vere aliishi peke yake kwenye nyumba ya matofali mabichi, akilima kwa kibarua mashamba ya watu, na mwisho wa wiki akisuka wasichana barazani kwake. Alikuwa mcheshi, ananukia moshi na mafuta ya mise, yale meusi yanayokamuliwa kwenye kokwa za michikichi. Na alikuwa na nywele. Kitambaa chake kilifunika paji na utosi, lakini chini ya kitambaa ziliteremka nyuzi nene za nywele mpaka mabegani. Sisi wenye nywele za urefu wa kidole kimoja tulizitazama kwa wivu mtupu.

Alivuta sana. Nikitoka kwake, macho yalikuwa yamepanda juu.

"Vumilia, Editha," aliniambia kichwa changu kikiwa katikati ya magoti yake. "Nikilegeza, Jumatatu zimefumuka zote."

Sikukuu zikikaribia, aliweka chanuo la chuma kwenye makaa, akalipitisha kichwani ili nywele zinyooke kabla ya kusukwa. Zililia chiii, na harufu yake ilibaki puani mpaka kesho yake. Akimaliza, zilizodondoka alizifagia kwa mkono, akazitia kwenye pindo la kanga yake.

"Bibi anazitaka," nilimwambia mara ya kwanza.

"Mwambie nitazichoma jioni."

Nilimwambia. Bibi aliacha kupepeta maharage, akatazama upande wa nyumba ile.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Upepo wa asubuhi ulipasua midomo, vumbi jekundu lilikaa hata kwenye kope. Likizo ya Juni, Mama alinifumua ili anioshe, na chanuo lilipopita, nywele zilikatika na kubaki mkononi mwake. Alijaribu upande mwingine, ikawa vile vile. Zilikuwa na rangi ya ndevu za mahindi, na ukizishika zilivunjika kama majani makavu ya maharage. Juu ya masikio hapakuwa na kitu, ngozi tu.

Mama alimwita Bibi. Bibi alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga, akanusa.

"Zile za kule anazipeleka wapi?" aliuliza.

"Anasema anazichoma, Mama," alijibu Mama. Ndivyo alivyomwita mkwewe.

"Umewahi kusikia harufu ya nywele ikitoka kwake jioni? Mimi upepo wa kule unaniletea hata harufu ya mboga zake. Nywele sijawahi kuzisikia."

Sikulala vizuri tangu hapo. Nilikuwa najipapasa mikono kuona kama ngozi imeanza. Nilijibonyeza tumbo. Dada Vere alipopita njiani na kuniita kwa furaha, "Editha, mbona umenisusa?", nilimtazama zile nywele zilizokuwa zikicheza mabegani mwake, laini, nyingi, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza mwanamke anayekula muhogo kama sisi anazipata wapi.

Kumbe wengine nao walikuwa wanajiuliza. Bombani, Mama aliongea na jirani yetu Mama Gwimo, na Mama Gwimo akavua kitambaa cha binti yake pale pale: nywele kavu, zimekatika pembeni. Akaitwa mtoto mwingine, na mwingine. Wote walikuwa wanasukwa baraza moja. Wanawake waliinua ndoo zao wakaondoka, na kuanzia siku hiyo Dada Vere akisalimia, "Mwidiwe," salamu ilimrudia bila sauti. Baraza lake likawa tupu. Aliendelea kukaa pale Jumamosi, chanuo mapajani, akisubiri.

Alasiri moja Bibi alinishika mkono akasema twende. Mama alitufuata. Mama Gwimo alituona tukipita, akatufuata naye, na mpaka tunafika nyuma yetu kulikuwa na kundi.

"Tunaomba nywele za watoto wetu," Bibi alisema, bila salamu.

Dada Vere alisimama mlangoni. "Nilizichoma, Bibi."

"Wapi?"

Mama Gwimo hakungoja jibu. Alimsukuma bega akaingia. Tulisikia vyombo vikianguka, kisha yowe. Alitoka na kifurushi cha kitambaa kilichokuwa kimefichwa darini. Alikifungua chini, mbele ya wote. Vilikuwa vishungi vya nywele, vingine virefu, vingine vifupi, vimepangwa na kufungwa kwa uzi mweusi. Nikaziona zangu. Nasema niliziona zangu. Rangi ile ya ndevu za mahindi nisingeikosea.

Mtu alikimbia kumwita balozi wa nyumba kumi. Vijana wakaanza kukusanyika kutoka kwenye tanuru la matofali, mmoja akiwa ameshika kibiriti na kukitikisatikisa kama mtu anayetafuta sigara. Neno lenyewe lilikuwa halijatamkwa, lakini kila mtu alikuwa nalo mdomoni. Kwetu neno hilo likishatoka, paa la nyasi halikai muda mrefu. Dada Vere alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili.

"Bibi," alisema, "ingia. Ingia wewe peke yako, nakuomba."

Bibi aliingia. Alikuwa bado amenishika mkono, na nadhani alisahau kwamba mwisho wa mkono ule kulikuwa na mtoto.

Ndani kulikuwa na giza. Dada Vere alisukuma mlango kwa mgongo, akavua kitambaa. Kuanzia kwenye paji mpaka katikati ya kichwa hapakuwa na unywele hata mmoja. Ngozi iling'aa kama kovu la moto. Kisogoni zilibaki chache, na kwenye hizo chache, kwa uzi mweusi, alikuwa ameshonea nywele zetu, kishungi juu ya kishungi. Alifungua uzi mmoja, nywele zikabaki mkononi mwake, urefu wote ule tuliokuwa tunautamani.

"Zilianza kukauka kama za watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Nikazidi kuzivuta na kuzichoma ili zionekane. Zikaisha. Mume wangu alisema hawezi kulala na mzee mwenye kipara. Bibi, usiwaambie. Waambie chochote kingine."

Bibi alinyoosha mkono akaigusa ile ngozi. Alikaa hivyo. Nje Mama Gwimo alikuwa anapiga mlango.

"Jifunge," Bibi alisema.

Tulitoka. Bibi aliinama, akafunga kile kifurushi, akakitia kwapani.

"Nywele hizi ni zangu," aliwaambia watu. "Mimi ndiye niliyemtuma anikusanyie."

Balozi, aliyekuwa amefika wakati huo, alikohoa.

"Si wewe uliyetuleta hapa?" Mama Gwimo aliuliza.

"Nilikuja kuchukua changu. Nyinyi mmenifuata."

"Na za nini?"

"Za kazi yangu."

Nilimwona Mama akirudi nyuma, hatua ndogo, kama mtu aliyekanyaga kitu chenye unyevu. Kijana wa kibiriti alikiweka mfukoni. Bibi alikuwa mama au bibi wa nusu ya wanaume wa kitongoji kile. Nyumba yake haikuwa ya kuchomwa. Watu walitawanyika mmoja mmoja, bila kumpa mgongo.

Njiani aliniambia maneno machache tu: "Ulichokiona ni cha yule binti. Si chako cha kusema." Kisha alikwenda na kifurushi moja kwa moja chooni. Imani yake haikuwa imehama hata kidogo.

Dada Vere aliondoka baada ya mavuno ya maharage, nyuma ya bodaboda, akirudi Kitahana. Bibi alimpa kopo la siagi ya ng'ombe ajipake kichwani. Hakuna mwingine aliyemuaga.

Mimi nilinyolewa. Kichwa kilikuwa na vidonda, Mama akanipeleka zahanati, na muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga akauliza naoshwa kwa kitu gani. Kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, Mama alisema, tena mara nyingi, ili ziwe safi. Muuguzi akasema sabuni ile inaondoa mafuta yote, kiangazi kinamalizia, na chanuo la moto na kusuka kwa kuvuta vinakata kilichobaki. Zikiota, tuzioshe mara chache, tuzipake mafuta zikiwa na unyevu, tusizivute. Njia nzima ya kurudi Mama alikuwa akiguna. "Wa pwani huyo atajua nini cha huku?" Hata hivyo ile sabuni hakunipaka tena kichwani.

Mvua zilipoanza, nywele zangu ziliota nyeusi na laini. Lakini Mama alikuwa na maelezo yake: Bibi ameamua kuniachia. Tangu siku ile alinichana mwenyewe, mlango umefungwa, na zilizodondoka alizitia jikoni kwenye moto kabla Bibi hajatokea. Bibi akipita njiani, wanawake walivuta vitambaa vya binti zao viwafunike vizuri. Kwenye misiba walimpisha nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Aliyaona yote. Alikuwa anakaa na nafasi yake ile, akinusa tumbaku yake, mpaka alipofariki.

Mwaka jana Mama alikuja kukaa kwangu Kasulu mjini. Nilikuwa nampaka binti yangu mise kichwani, nywele zikiwa bado na maji, nikimsuka kwa kulegeza. Nikaona Bibi amekwenda, na Dada Vere sijui yuko wapi wala kama yu hai, na kwamba Mama anazeeka akiamini juu ya mkwewe jambo ambalo si la kweli. Nikamwambia yote.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliona kwa macho yako?" aliuliza.

"Niliona."

"Ulikuwa mtoto," alisema Mama. "Na bibi yako alikuwa mjanja sana."

Akageukia dirisha. Sikumbishia. Niliendelea kusuka, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba pale nje ya ule mlango Bibi alikuwa amejua kabisa kitakachotokea: kwamba hata ukweli ukija siku moja, hautampata mtu wa kuupokea. Alijua, na bado akakitia kile kifurushi kwapani.