Mbio za Kuchomoka

Kosa lilikuwa langu, na lilidumu miaka ishirini na saba. Siku nilipopata kazi kwenye jarida la magari hapa Birmingham, mama aliniuliza ni kazi gani hiyo. Mama hajui Kiingereza. Nikalichukua neno la Kiingereza la mbio hizo, "drag", nikalitafsiri harakaharaka, kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya mapumziko: "Naandika habari za mashindano ya kuburuta magari."

Mama akafikiri kidogo. "Bredauni," akasema.

Kwetu Kenya, bredauni ni lile gari lenye ndoano linalovuta magari yaliyoharibika. Ningemsahihisha palepale. Badala yake nilicheka, nikavaa koti langu, nikaenda zangu. Mwezi haukuisha kabla nusu ya watu wetu wa mtaa huu wa Saltley hawajapata namba yangu ya simu kwa mama. Jirani yetu Mkongo, ambaye kwake kila mwanamke ni "Mama", ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia: "Mama, motokari yangu imekufa huku Hodge Hill. Ile dépannage yenu itakuja saa ngapi?" Kwao dépannage ndiyo bredauni.

Kazi yangu yenyewe ni hii. Magari mawili yanasimama bega kwa bega mbele ya mlingoti wa taa. Taa ya kijani ikiwaka, yanakimbia robo maili, moja kwa moja, hakuna kona. Basi. Wenzangu wanaoandika mbio za kona huniangalia kwa huruma, na mimi huwaangalia hivyohivyo. Mara ya kwanza niliposimama kando ya njia ile, gari refu jembamba lilipita mbele yangu, na ardhi ikatikisika mpaka meno yangu yakagongana. Nilipofumbua macho lilikuwa limeshafika mwisho, limefungua parachuti la kulisimamisha. Kalamu ilikuwa mkononi na daftari lilikuwa tupu. Nimeona mbio zisizo na idadi tangu siku hiyo, na hadi leo taa ya kijani ikiwaka nashikwa na bumbuwazi lilelile. Sijui kama nimewahi kuandika sentensi moja inayolingana na kitu chenyewe.

Mama alihifadhi makala zangu zote kwenye mkebe wa biskuti. Aliangalia picha tu. Madereva wetu huzungusha matairi papo hapo kabla ya kuanza, ili yapate moto na kushika barabara, na moshi hufunika gari zima. Mama akiona picha hizo alikuwa akitikisa kichwa. "Na hili nalo limeungua. Maskini!" Kisha alimwomba Mungu anipatie kazi ya ofisini.

Nilimwahidi kumpeleka akaone. Kila kiangazi nilimwahidi. Mara nina makala ya kumaliza, mara mvua, kwa sababu njia ikilowa magari haya hayakimbii, na mvua ya nchi hii haina adabu. Wakati huo presha ya macho ilikuwa inamla polepole. Kiangazi kilichopita alikuwa hatofautishi tena uso wangu na pazia. Niliingia jikoni nikalia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Kitu nilichokipenda maisha yangu yote, mama yangu angekufa akidhani ni magari mabovu.

Akanisikia. Macho ndiyo yaliyokwisha, si masikio.

"Kwani magari yenu yanataka watu wenye macho tu?" akauliza. "Nipeleke."

Tukaenda, Jumamosi moja yenye jua. Nilimvalisha vile vizuia kelele vikubwa juu ya mtandio wake, nikamsimamisha kwenye uzio, mkono wake mmoja juu ya chuma. Moshi wa mafuta ya magari yale unawasha macho, na yake yakaanza kutokwa na machozi. Nikaona taa ya kijani ikiwaka, magari yakapita.

Mama aliruka. Mkono ukaacha chuma ukashika kifua, mdomo ukabaki wazi. Nilidhani nimemuua. Nikamvua vile vizuia kelele, nikamwita mara mbili.

"Rudisha," akasema.

"Hairudi, Mama. Imeisha."

"Yote?"

"Sekunde tano hazifiki."

Mkono wake ulikuwa bado kifuani, kana kwamba kuna kitu ndani anakisikiliza kisipotee. Halafu akanigeukia, akanikosa kidogo, akamwambia mtu aliyesimama nyuma yangu: "Wewe mtoto ni mwongo. Hii si kuburuta. Hii ni *kuchomoka*. Ulizaliwa hivi, mkunga hajavaa hata glavu."

Miaka ishirini na saba nikilitafuta neno, na lilikuwa mdomoni mwa mama yangu. Nilishindwa kucheka. Nilimshika tu mkono tukasimama mpaka mbio za mwisho, na kila gari lilipopita alinibana vidole.

Wiki iliyofuata, tukinywa chai, simu yangu ililia. Ni yule jirani yetu Mkongo, gari limezimika tena Hodge Hill. Kabla sijajibu, mama alinyoosha mkono hewani akitafuta simu. Nikampa.

"Sikiliza," akasema, amejiweka sawa kwenye kiti. "Mwanangu haburuti magari ya mtu. Anaandika yanayochomoka. Lako halichomoki. Tafuta bredauni."

Akakata, akanirudishia simu, akaomba sukari.