Matundu Matatu

Mzee niliyemtunza kule Uccle, ughaibuni, hakutaka kufa kabla historia ya kiwanda chao haijaandikwa. Kilikuwa kiwanda cha kamera za kukunja, zile ambazo ukifungua kifuniko lenzi inatoka mbele ikivuta mvukuto wake, yaani ile ngozi nyeusi ya mikunjo. Ujana wake wote aliziuza Kongo, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Macho yalikuwa yamekwisha. Kwa hiyo yeye alisema kwa Kifaransa, nami, mwanafunzi kutoka Moshi niliyeajiriwa kumwogesha na kumpikia supu, nikaandika.

Sura za Kongo alizifurahia mno, hata akakiacha Kifaransa na kurukia Kiswahili chake cha kule.

"Saa sita ya muchana, mama, katikati ya soko, ninafungua kamera, ninaweka filme mbele ya bantu bote. Bon, banashangaa!"

Niliandika huku nikicheka. Nilimpenda siku zile.

Tulipofika kwenye kufa kwa kiwanda, akawa mchungu. Kamera moja aliirudisha mwenyewe kutoka Kongo, picha zake zote zikiwa na michirizi myeupe, kana kwamba mwanga umepenya kwenye mvukuto. Kila binti aliyegundisha mivukuto aliweka alama yake ya penseli ndani ya mkunjo wa kwanza. Alama ikasomwa, binti akafukuzwa mbele ya wenzake, habari zikaenea, wanunuzi wakahama. Kamera yenyewe ilikaa kabatini kwake zaidi ya miaka hamsini, kama ushahidi.

Kiwandani mivukuto ilikaguliwa gizani: unaweka taa ndani, na penye tundu panang'aa. Nilimuuliza kama huu nao ulikaguliwa uliporudi. Akanikaripia. Ya nini, wakati picha zilishaonekana? Lakini swali lilimkaa rohoni, maana alasiri moja ya baridi aliniita.

"Mama, funga rideaux. Weka taa mule ndani. Unaona matundu ngapi?"

Nilifunga mapazia, nikafungua mgongo wa kamera, nikaingiza simu yangu, tochi ikiwaka. Nikaugeuza mvukuto pole pole, kona kwa kona. Giza tupu. Ngozi ilikuwa nzima kama siku ilipotoka mikononi mwa yule binti. Hapo ndipo nikakumbuka soko, na jua la saa sita likipiga kwenye filamu, na mwuzaji kijana akijionyesha kwa watu. Nikajua ni nani aliyeziharibu picha zile.

"Ngapi, mama?"

Alikuwa ameinua uso kuelekea taa asiyoiona. Nilimhurumia, huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimechoka, na tramu yangu ilikuwa karibu kupita.

"Matatu, papa."

"Voilà!" akasema, akatokwa machozi ya furaha.

Kesho yake niliandika, kwa mkono wangu huu, jina kamili la yule mwanamke na kwamba uzembe wake ndio ulioua kiwanda.

Alifariki kabla ya Pasaka. Watoto wake waliichapa historia ile kama kijitabu, wakapanga nakala mlangoni mwa kanisa siku ya mazishi. Akaja bibi mmoja mwenye fimbo, ametoka Laeken, upande wa pili wa jiji, peke yake. Alisoma akiwa amesimama, kidole chini ya mstari, hadi akafika kwenye jina lake. Akauliza mwandishi ni nani, wakanionyesha mimi.

Hakupaza sauti.

"Kuna mtu aliyewasha taa?" aliniuliza kwa Kifaransa.

"Mimi."

"Ukaona nini?"

 Nikamwambia sikuona kitu, mvukuto wake ulikuwa mzima.

Alifumba macho kidogo. Kisha akauliza kwa nini basi niliandika vile. Alinisubiri, alinisubiri kweli, kwa adabu, fimbo mkononi. Nyuma yake watu walikuwa wanatoka kanisani, kila mmoja akichukua nakala yake.