Mizani ya Mzee Nyongeza

Kamati ya mji imeniomba niandike wasifu mfupi wa baba mkwe wangu, usomwe siku watakapoipa barabara ya sokoni jina lake. Wamenichagua mimi kwa sababu, walivyosema, nina mwandiko mzuri na nilikaa naye nyumba moja. Mwandiko ni kweli. Kukaa naye ni kweli vilevile, na hapo ndipo kamati ilipojichongea.

Baba mkwe alikuwa muuza duka. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye milango ya kijani, magunia ya mchele na maharage yamekunjuliwa midomo sakafuni, pipa la mafuta ya kupikia lenye pampu ya mkono, na kaunta iliyolainishwa na viwiko vya wateja. Juu ya kaunta ilikaa mizani ya sahani, yenye uso mweupe wa duara na mshale mwekundu. Mji mzima ulikula kwa ruhusa ya mshale ule.

Watu walimwita Mzee Nyongeza. Jina alilipata kwa tabia moja: akishakupimia sukari yako, mshale ukatulia pale pale panapotakiwa, alichota tena kidogo kwa ncha za vidole na kukuongezea juu. "Ya watoto," alikuwa akisema. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje? Wateja walitoka wakimwombea maisha marefu, na dua zao zilipokelewa, maana alifikia uzee wa kuudhi.

Jambo dogo tu wateja hawakulijua. Ndani ya mizani ile springi zilikuwa zimelegezwa, mshale ukawa na haraka ya kufika. Kilo ilitimia kabla haijatimia. Hata mimi mkamwana wake sikujua. Nilikuwa nikiona gunia la sukari la dukani kwetu linachukua muda mrefu kuisha kuliko la jirani, nikadhani ni baraka.

Kwa baraka hizo akajenga mji. Bomba la maji sokoni aliweka yeye. Benchi za kituo cha basi, yeye. Geti la shule, yeye, na milingoti ya goli uwanjani, yeye. Vyote vilipakwa kijani kile kile cha milango ya duka, na jina lake kwa rangi nyeupe, ili hata mbuzi anayejikuna kwenye mlingoti ajue wa kumshukuru ni nani. Kila nyumba ilikuwa imechangia vitu vile kijiko kwa kijiko, bila kuombwa wala kusumbuliwa, kisha ikaja kupiga makofi siku ya ufunguzi. Sijaona mchango mwingine uliokusanywa kwa utulivu kama ule.

Kisha ikasikika kwamba wakaguzi wa vipimo watapita duka hadi duka. Baba mkwe akashikwa na ukarimu wa ghafla. Alinunua mizani mpya ya umeme, na ile ya zamani akaifuta vumbi, akaifunga utepe na kuipeleka zahanati, iwe ya kupimia watoto wachanga. Muuguzi wa wadi ya wazazi alimshukuru mpaka machozi yakamlenga, kwa sababu ya kwao ilikuwa imevunjika siku nyingi. Wakaguzi wakaja, wakakagua maduka, mabucha na wauza mkaa, wakampa baba mkwe mkono kwa uaminifu wake. Nani angefikiria kwenda kukagua mizani ya vichanga?

Tangu hapo watoto wa mji wetu wakawa wanazaliwa na uzito wa kujivunia. Mwenyekiti wa mji alilitaja jambo hilo kwenye mikutano. Baba mkwe alisema ni maharage yake.

Nami nikapata mimba, nikajifungua binti kabla mwezi wake haujafika. Muuguzi alimweka kwenye sahani, akasema kilo mbili na nusu, nimshukuru Mungu. Nilimwambia mtoto halii vizuri, na nikimweka kwenye ziwa anasinzia badala ya kunyonya, na miguu yake haipati joto. Akanijibu kwa upole kwamba uzazi wa kwanza una wasiwasi mwingi, na mtoto wa uzito ule hana shida. Kesho yake mchana ningeruhusiwa kwenda nyumbani. Mie nani nibishane na mizani?

Kesho yake hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kuipa wadi jina la baba mkwe. Walikuja na viti, na kipaza sauti kisichosikika, na zawadi za wazazi: pakiti za sukari za kiwandani kutoka duka lile lile. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuona kamera akaipita, akapata wazo kwamba mjukuu wa mfadhili apimwe kwenye mizani ya mfadhili, na mfadhili mwenyewe asimame pembeni. Mume wangu akatabasamu, kwa sababu baba yake alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimekaa kitandani, roho juu, nikiwaangalia wanavyomvua mwanangu nguo kwa ajili ya picha.

Mshale ukaenda, ukatulia kwenye mbili na nusu. Makofi. Mwenyekiti akamwambia baba mkwe amnyanyue mjukuu, wapige na nyingine.

Alimnyanyua. Alikuwa amenyanyua vitu vya kilo mbili maisha yake yote, na vya mbili na nusu, na vya tatu. Nikaona tabasamu linamtoka usoni, kisha akampima tena hivi mikononi, juu na chini, polepole. Akamfunika kwa koti lake.

"Mtoto huyu haendi nyumbani," alisema.

Muuguzi alimwambia asihofu, mizani imeshasema.

"Mizani inasema nilivyoifundisha."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akashika kipaza sauti na kutueleza kwamba mnaona, ndugu zangu, unyenyekevu wa mtu mkubwa. Makofi mengine. Baba mkwe aliungama kama mara nne mbele ya mji mzima, na kila mara mji ulimpenda zaidi. Mwisho akampa muuguzi mtoto, akachukua pakiti moja ya sukari kutoka kwenye rundo la zawadi. Akaiweka nzima juu ya sahani. Pakiti ya kilo moja, imefungwa kiwandani. Mshale ukapita moja, ukaenda ukasimama moja na robo.

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Muuguzi alikuwa ameshamkumbatia mwanangu kifuani, ndani ya nguo zake, anaita gari. Gari lililokuwepo lilikuwa la mwenyekiti, na tulipoondoka kwenda hospitali kubwa yeye alibaki amesimama na hotuba yake mkononi. Kibao cha wadi hakikuondolewa. Kilikuwa kimeshapigiliwa misumari.

Tulikaa hospitali mpaka mwanangu akajua kunyonya na kupiga kelele. Yu hai. Ni mkorofi, na anampenda babu yake katika kila picha.

Mji nao ulikasirika kama unavyokasirika mji. Watu waliapa hawatakanyaga tena dukani kwa yule mwizi, wakaenda kununua kwa jirani, wakagundua jirani ni mbali na hana lugha nzuri. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wamerudi. Walimsamehe harakaharaka, wakasema angalau yeye alijenga bomba, wengine waliiba na hawakujenga kitu. Ndio hao wanaotaka kumpa barabara.

Lakini kabla hawajarudi, duka likiwa tupu, aliingia fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nilikuwa nafagia, mwanangu mgongoni. Fundi alikuwa amejifungua wadi ile ile mwaka uliotangulia, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na mtoto hakumaliza wiki. Tulimzika na kusema ni mipango ya Mungu. Baba mkwe ndiye aliyetoa sanda.

Hakuagiza kitu. Aliweka mikono juu ya kaunta.

"Mzee, wangu waliandika kilo mbili na nusu," alisema. "Wewe unaijua mizani yako. Niambie alikuwa na kilo ngapi."

Nilitamani aseme hajui. Nilimchukia, na niliyembeba mgongoni alikuwa hai kwa sababu yake, na sikujua nivipeleke wapi vyote viwili.

"Mbili," baba mkwe alisema. "Hazikuzidi."

"Kama huyu?"

"Kama huyu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akanigeukia, akaniambia nguo niliyombebea mtoto imelegea, atateleza. Nikasimama nikampa mgongo. Akamkaza mwenyewe vizuri, akafunga fundo, akatoka.