Mpima Pua wa Mugoma

Ansbert alikuwa mjane, watoto hakujaliwa, na hata mbwa wake alikufa wiki ileile walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, Mugoma, mwaka wa sabini na nne. Wenzake walilia kuiacha migomba yao. Yeye alishukuru kimoyomoyo. Kule kilimani kwao watu walimjua mno, na kwa miaka arobaini hakuna aliyepiga hodi kwake. Hapa walichanganywa watu wa kila upande, na hakuna aliyemjua.

Basi, akapata rafiki. Emilian, jirani yake aliyetokea Murukulazo, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, alimjia kila Jumapili baada ya misa na kibuyu cha pombe ya ndizi. Walikunywa kwa mirija, kibuyu kimoja, magoti yakigusana. Ansbert alianza kufagia uwanja tangu Ijumaa, mzee mzima, kama bibi harusi.

Mambo yaliharibika kwenye darasa la watu wazima. Mwalimu Restituta, binti wa miaka ishirini na miwili, alifundisha kwamba zamani za kale sana binadamu wote walitokana na viumbe waliofanana na nyani, na kwamba walianzia hukuhuku Afrika. Emilian akasimama.

"Mwalimu, hayo niliyasikia zamani. Nikiwa mdogo, mzungu alikuja kwetu na koleo la chuma, akampima mama yangu pua. Akaandika kwamba watu wa aina yetu hawajafika mbali na nyani, majirani zetu wa pua nyembamba ndio watu. Leo na serikali yetu inasema hivyohivyo? Mimi sirudi hapa."

Watu wakaanza kuinuka. Restituta, maskini, alibaki ameshika chaki.

Ansbert angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza, nasema kweli. Lakini alimwona yule binti machozi yakimlengalenga, na uongo ule wa vipimo vya pua alikuwa ameubeba muda mrefu.

"Emilian, haya siyo yale," alisema. "Mwalimu anasema sote ni ukoo mmoja. Mzungu yule alitaka tuwe koo mbalimbali, mmoja juu ya mwingine. Pua ikikataa alichotaka, aliamuru ipimwe tena mpaka ikubali."

"Wewe umejuaje, kaka?"

"Koleo nililishika mimi. Nilikuwa kijana wa misheni. Mimi napima, yeye anaandika."

Emilian akamgeukia.

"Mama yangu ulimpima mara ngapi?"

Ansbert alimkumbuka vizuri, maana siku ile hakukuwa na pua nyembamba kuliko yake.

"Mara tatu. Ya tatu nililegeza koleo, ikatoka pana."

Emilian akakaa. "Endelea, mwalimu," alisema.

Darasa halikuvunjika. Somo lile Emilian alilishika kuliko wote. Hadi leo ndiye anayewaeleza wageni kwamba Mhangaza, Msukuma na mzungu ni watoto wa nyumba moja, na anaeleza vizuri, watu wanaelewa. Ila kwenda kanisani amejikatia njia yake, anazunguka nyuma ya mashamba ya kahawa, mwendo wa nusu saa zaidi, asipite mlangoni kwa Ansbert.